MOTO HAUULIZI KADI



Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Goziba yetu ni punje moja tu iliyowekwa katika maji hayo. Mgeni atokaye bara, akisikia kwamba watu wa kisiwani wanahofu moto, hucheka akasema: "Mna maji mbele na nyuma, kulia na kushoto, mwahofu nini?" Sisi hatumlaumu, kwani hajui. Maji yaliyo ziwani na maji yanayotakiwa juu ya paa linalowaka si maji mamoja. Baina yake pana mikono ya watu, pana ndoo, pana mipira, na juu ya yote pana muda. Na vibanda vyetu vya mbao, nyasi, mabati na maturubai, vilivyobanana hata mtu akipiga chafya jirani yake humwitikia bila ya kuinuka kitandani, havimpi mtu muda.

Leo twapenda kusema na wanachama juu ya jambo hili. Tutasema maneno ya namna mbili. Ya kwanza huenda yakawaudhi wakubwa. Ya pili huenda yakatuudhi sisi wenyewe, na hayo ndiyo yaliyotufanya tuchukue kalamu.

Twaanza na haki yetu. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na leo kazi ya kuzima moto na kuokoa watu imo mikononi mwa jeshi moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Namba yake ya dharura ni 114, na kuipiga ni bure. Haya ni mambo mema na hatuyapingi. Lakini gari la zimamoto lina magurudumu, halina kasia. Mtu wa Bukoba mjini akipiga namba hiyo, ana tamaa ya kuona gari likitokea kwenye kona. Mtu wa Goziba akiipiga, gari hilo litasimama ufukweni litazame maji kama sisi tunavyoyatazama. Na hali hii si ya Goziba peke yake. Ndugu zetu wa Bumbire, Kerebe, Ikuza na Mazinga, ambao wote wamo katika wilaya hii moja ya Muleba, wamezungukwa na maji hayo hayo.

Mtu atasema kwamba wakubwa hawakujua. Hilo haliwezekani, kwani mkoa wetu umekwisha kupewa mafunzo kwa gharama kubwa mno. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Zilipotea roho 19, na watu 24 wakaokoka. Waliotangulia kuwafikia ni wavuvi na mitumbwi yao, na nchi nzima ikawasifu. Sisi pia twawasifu, tena kwa fahari, kwani ni watu wa kazi yetu. Lakini sifa ile ilikuwa na swali ndani yake. Ikiwa mbele ya makao makuu ya mkoa, mchana kweupe, wokovu wa kwanza ulikuwa mtumbwi wa mvuvi, je, huku mbali katikati ya ziwa, usiku wa manane, wokovu utakuwa nini?

Na moto wenyewe tumekwisha kuuona ukifanya kazi yake hata penye barabara. Alfajiri ya tarehe 14 Septemba 2020 bweni la shule ya msingi ya Byamungu, wilayani Kyerwa katika mkoa wetu huu huu, liliungua, wakafa watoto 10. Kyerwa ni bara, gari hufika; walakini moto ulikuwa na mbio kuliko watu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likaungua soko kuu la Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako hakuna ziwa la kuvuka wala mlima wa kupanda. Ikiwa Kariakoo iliungua, sembuse sisi?

Wako wanaodhani kwamba dawa ya haya ni kuwa tajiri. Nao tuwatolee mfano wa Uingereza. Waingereza wana desturi ya kujenga magati marefu ya starehe yanayoingia baharini, na juu yake huweka majumba ya muziki na michezo. Katika mji wa Brighton lilikuwapo gati la namna hiyo liitwalo West Pier, lililofunguliwa mwaka 1866. Tarehe 28 Machi 2003 jumba lililokuwa kwenye ncha ya gati lilishika moto. Mji una wazimamoto, una magari, na bahari nzima iko chini ya sakafu ya jumba lile. Lakini sehemu ya kupitia kutoka pwani ilikuwa imekwisha kubomoka, wala hapakuwa na njia ya kumfikisha mtu na mpira wake. Jumba likaungua watu wakitazama, na mwezi wa Mei mwaka huo huo moto ukarudi tena. Hawakukosa maji, wala mali, wala ujuzi. Walikosa njia ya kufika.

Ndiyo sababu sisi hatuombi gari kubwa jekundu lije lipigwe picha ufukweni. Twaomba kitu kidogo ambacho njia yake ni maji yenyewe, nacho ni mashua yenye injini, yenye pampu ya kuzimia moto na mipira yake, itakayokaa huku visiwani wala si Bukoba. Pamoja na hiyo twataka pampu za kubebwa na watu wawili, moja kwa kila mwalo mkubwa, na watu wa hapa hapa wafundishwe kuzitumia.

Na kwa kuwa katika mambo ya pampu watu hudanganyana, tuseme kidogo jinsi ilivyo, ili siku tutakapoletewa tujue tulicholetewa. Pampu hainyonyi maji kwa nguvu zake yenyewe. Huondoa hewa katika mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Kwa sababu hiyo hata pampu ya bei kubwa haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya kina cha mita 10, na katika kazi yenyewe mita 7 ni nyingi. Hapa kwetu, ziwa likiwa kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari na hewa ikiwa nyepesi zaidi, ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo pampu haina faida ikiwekwa juu mlimani penye ofisi na kufuli. Mahali pake ni chini, karibu na maji, na ufunguo wake uwe kwa mtu alalaye hapo. Kutoka hapo itayasukuma maji kwenda juu kadiri mpira unavyofika. Tena mdomo wa mpira wa kuvutia uwe na chujio, la sivyo utameza mchanga na magugumaji, na pampu itakufa siku ya kwanza ya kazi.

Fedha zitatoka wapi? Swali hili huulizwa kila mara na watu wasiouliza fedha zinakwenda wapi. Samaki wa mialo hii wanatozwa ushuru. Sangara wetu hukatwa minofu ikala Ulaya, dagaa wetu hukaushwa wakauzwa nchi jirani. Kisiwa kinachotoa hakiombi sadaka kikiomba sehemu ya kile kilichotoka kwake irudi kwa sura ya pampu. Twawataka madiwani wetu walisimamishe jambo hili katika Halmashauri ya Wilaya ya Muleba kwa maandishi, lipate namba, lipate jibu, na jibu hilo sisi tutalichapa hapa liwe zuri au baya.

Hapo yamekwisha maneno ya kuwaudhi wakubwa. Sasa twageuka kwetu.

Ndugu wanachama, pampu ikifika leo, moto wetu utakuwa umekwisha kuwaka jana, kwani sisi wenyewe ndio tunaoulea. Hakuna mwalo usio na petroli, kwa sababu injini za mitumbwi hazinywi maji. Petroli hiyo hukaa wapi? Hukaa katika madumu ya plastiki, chini ya vitanda, nyuma ya maduka, kando ya majiko. Wengi hudhani kwamba kinachowaka ni yale maji ya petroli. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi ya barafu. Nao ni mzito kuliko hewa. Hautoki nje kwa dirisha kama moshi, bali hutambaa sakafuni kama nyoka mpaka ukutane na jiko la jirani. Na petroli ikishika moto, maji ya ndoo hayaizimi. Petroli huelea juu ya maji, na anayeimwagia ndoo huisafirisha kutoka nyumba moja hadi nyingine. Hata ziwani, mtumbwi ukivuja petroli, moto huweza kuwaka juu ya maji. Dawa ya petroli ni mchanga mkavu, au povu, au mtungi wa unga. Mchanga tunao bure, lakini ni nani miongoni mwetu mwenye ndoo ya mchanga mlangoni?

Sisi tunaoandika maneno haya hatukuwa nayo. Tuna duka, na nyuma ya duka tulikuwa tukiweka madumu, na wanachama wengi wamenunua kwetu. Usiku mmoja wa giza alikuja mteja anayekimbilia ziwani. Tukampimia kwa mpira, na mtoto akatushikia kibatari ili tuone. Hatukuona kitu ila mwanga mkubwa. Tamba lililokuwa sakafuni lilishika moto, kisha gunia. Mwenyezi Mungu alitujalia akili ya kuvuta turubai lililolowa mvua na kulitupa juu yake, ukazimika. Tulipoteza gunia la sukari na ngozi ya mkono mmoja. Na asubuhi tulipoulizwa habari ya mkono, tulisema ni uji.

Kwa nini tulisema uongo? Tulihofu wateja, na tulihofu kwamba chama kingesemwa, kwamba mtu anayewaandama wakubwa kila wiki alitaka kuuchoma mwalo mzima. Leo twalisema sisi wenyewe, kabla hatujasemewa. Madumu yetu tumekwisha kuyaondoa. Yako katika kibanda cha peke yake, mbali na nyumba za kulala, na hatupimi petroli baada ya magharibi. Tumepoteza wateja kwa hilo, na tutapoteza wengine ikiwa wenzetu wenye maduka hawatafanya vivyo hivyo. Tunawaomba wafanye.

Katika chuo tulichosomea utotoni tulifundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari ya nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku pamoja na wenyewe, aliwaambia watu kwamba moto ni adui yao na wauzime kabla ya kulala. Tukafundishwa pia habari ya panya, kwamba huweza kuuburura utambi wa taa na kuwachoma wenye nyumba. Tulipokuwa watoto tulicheka habari ya panya. Mwenye duka hachekelei tena. Wasio Waislamu nao wana mafunzo yao, na panya wa kisiwani hana dini.

Liko jambo jingine ambalo mtu wa bara hawezi kulijua, nalo ni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa hupumzika na mwalo hujaa vijana. Giza likiingia, vijana wote wenye nguvu wako ziwani na taa zao, na mitumbwi yote yenye injini iko huko. Wanaobaki pwani ni kina mama, watoto, wazee na sisi wenye maduka. Na giza ndio wakati wa kumimina petroli, kuchaji betri na kupika usiku. Kwa hiyo moto ukija siku iliyo mbaya zaidi, utawakuta walio dhaifu zaidi. Mpango wowote wa kuzima moto unaotegemea vijana ni mpango wa mbalamwezi. Twataka mpango wa giza, na ndani yake kina mama wawe viongozi, kwani ndio watakaokuwapo.

Na mpango huo si mgumu. Watu wasimame mistari miwili kutoka ufukweni, mmoja upitishe ndoo zilizojaa, wa pili urudishe tupu. Ndoo ya lita 10 ikipita kila sekunde 5, ni lita 120 kwa dakika. Hazitauzima mwalo unaowaka, lakini huzima kibanda kimoja kikiwahiwa, na kulowesha kuta za jirani. Watu wakikimbia kila mmoja na ndoo yake, nusu ya maji humwagika njiani, na nusu ya watu hugongana.

Kibanda kikikwisha kushika paa, hapana budi kukata njia ya moto. Nguzo ndefu zenye kulabu za chuma ziwekwe mahali panapojulikana, ili vibanda vinavyofuata vivutwe chini na mbao ziburutwe mbali kabla moto haujavifikia. Na hapa ndipo penye uchungu wote, kwani kibanda hicho ni cha nani? Mwaka 1666 mji wa London uliwaka kuanzia tarehe 2 Septemba, na meya wa mji alipoambiwa abomoe nyumba ili moto ukose chakula, alisita. Ikasemwa alihofu gharama ya kuzijenga upya. Kwa kusita huko na kwa upepo, zikateketea nyumba zipatazo 13,200. Sisi nasi tutasita usiku huo, na kila mwenye kibanda atasimama mlangoni na panga, ikiwa hatukukubaliana mchana nani atavunjiwa na nani atamlipa. Basi tukubaliane sasa. Vibanda vya kuvunjwa vitiwe alama, na kila duka, kila mtumbwi na kila nyumba itoe kidogo kila mwezi katika mfuko, ili anayevunjiwa kwa ajili ya wengine ajengewe na wengine. Bora zaidi, tuache tangu leo njia yenye upana wa hatua kumi baina ya safu na safu, wala asijenge mtu humo, hata akiwa ndugu yetu.

Sasa twafika kwenye neno ambalo limezua maneno barazani. Imependekezwa kwamba kamati ya moto iwe moja kwa mwalo wote, pamoja na wenzetu wa chama kinachotawala, na isimamiwe na kikundi cha usimamizi wa mwalo, yaani BMU. Baadhi ya ndugu zetu wamekataa. Wanasema tukikaa nao watachukua sifa, pampu ikija watasema ni yao, na sisi tutakuwa tumewabebea ndoo. Wengine wamesema tufanye kamati yetu, ya wanachama wetu, izime moto wa wanachama wetu.

Twawaheshimu waliosema hivyo, kwani wamedhulumiwa na wana haki ya kuhofu. Lakini twawauliza, vibanda vyetu vimejengwa kwa safu za vyama? Jirani wa kulia wa duka letu ana kadi yao, jirani wa kushoto ana kadi yetu, na ukuta wa mabati unaotutenga ni mmoja. Tukimwacha wa kulia aungue, tutaungua sisi kabla ya kumaliza kufurahi. Oktoba mwaka 2020 mlima Kilimanjaro uliposhika moto, mahali ambapo gari halifiki, mamia ya watu walipanda kwa miguu, na wengi wao silaha yao ilikuwa matawi ya miti. Hatukusikia kwamba mtu aliulizwa kadi kabla ya kupewa tawi.

Wakichukua sifa, na waichukue. Kazi ya chama cha upinzani ni kuwaambia wanaotawala kweli, na kuishika kweli hiyo hata inapotugharimu. Tutaendelea kudai mashua na pampu kwa sauti ile ile, na kamati haitatufunga mdomo. Ikiwa wenzetu wataitumia kamati kwa kampeni, tutasema hapa. Ikiwa sisi tutaitumia kwa kampeni, twaomba mtuseme.

Wapo watakaotujibu kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kumfariji aliyekwisha kupatwa. Haikuwekwa ili mtu alale na dumu la petroli chini ya kitanda. Wahenga hao hao walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kyerwa wamenyolewa, Kariakoo wamenyolewa.

Basi twawaomba wanachama wote wahudhurie mkutano wa kamati wakiwa na majina ya watu wa safu zao, hasa kina mama, na kila mwenye duka aje na hesabu ya kweli ya madumu aliyonayo. Sisi tutakuwa wa kwanza kusoma hesabu yetu. Na leo, kabla ya kulala, kila asomaye karatasi hii na ajaze ndoo moja ya mchanga mkavu, aiweke mlangoni, kisha azime taa.

Wa billahi taufiq.